Uzi: Siku za mwisho za kuzunguka Ireland kwa gari, kutoka Mayo hadi makaburi ya Glasnevin

Mwana wa Pangani (mwenye uzi)

Wakuu, salaam.

Habari za Cork, Kerry na Galway zimeshaandikwa humu hadi basi, sirudii. Naanzia pale wengi wanapomalizia. Watu wakifika Galway wanakumbuka tarehe ya kurudisha gari, wanaingia barabara kuu ya M6, jioni wako Dublin wananunua fulana za kijani. Kama umebakiwa na siku kadhaa mkononi, usifanye hivyo. Panda kaskazini: Mayo, Sligo, Donegal, vuka uingie Derry, fuata pwani ya Antrim, shuka Bonde la Boyne, ndipo uingie Dublin. Kule kusini tulikuwa tunapiga picha. Huku juu ndiko tulikoanza kuuliza maswali.

Msafara wenyewe: mimi, mke wangu, na shemeji aliyetoka Dar. Ilikuwa Juni. Dereva ni mimi. Wanaendesha kushoto kama kwetu, kwa hiyo hilo halina shida, na vipilefti utavizoea. Shida ni barabara ndogo zenye kuta za mawe pande zote mbili, halafu mbele anatokea trekta, nyuma yake kondoo waliopakwa rangi mgongoni ili kila mwenye mali ajue wake. Unarudi rivasi hadi penye upenyo, mwenye trekta anakuinulia kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Ndiyo salamu yao hiyo, nawe inua chako.

Tukianzia Mayo. Kutoka Leenane kwenda Louisburgh kuna barabara ya R335 inayopita kando ya ziwa linaloitwa Doolough. Milima imeinuka kila upande, nyumba hakuna, maji meusi. Ukipita bila kujua utasema ni pazuri tu. Kuna msalaba wa jiwe pembeni, simameni hapo. Machi 1849, katikati ya ile njaa kubwa, watu wa Louisburgh walioomba chakula cha msaada waliambiwa watembee hadi Delphi Lodge, nyumba ya kifahari walikokuwa wakaguzi, ili wakathibitishwe kwamba kweli wana njaa. Ni karibu kilomita ishirini, kwenye baridi, watu wasio na viatu. Walipofika hawakupewa kitu. Wengine walianguka njiani wakirudi, na idadi yao wanaibishania hadi leo.

Shemeji aliuliza swali ambalo kila mtu huuliza: viazi vilioza, sawa, lakini kisiwa kizima hakikuwa na chakula kingine? Kilikuwepo. Nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza miaka ileile. Mwaka 1841 kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya milioni nane. Kati ya 1845 na 1852 wakafa kama milioni moja, wengine kama milioni moja wakapanda meli. Mpaka leo, ukijumlisha pande zote mbili za mpaka, jamhuri na Ireland ya Kaskazini, hawajarudi kwenye idadi ile.

Mbele kidogo, Murrisk, chini ya mlima Croagh Patrick, kuna sanamu ya meli ambayo kamba zake ni mifupa ya watu. Mary Robinson aliizindua 1997 akiwa rais. Mke wangu aliitazama mara moja akarudi garini.

Naendelea baadaye, maswali ruksa.

Kiti Moto Hapana

Nimeweka kambi mkuu. Tupia na picha.

Dada wa Kisauni

Asante kaka. Mimi niko Mombasa na tunapanga safari na mume wangu inshallah mwakani. Vipi chakula cha halali huko vijijini? Na hizo nyumba za wageni, chai ya asubuhi wanaandaa nini?

Mwana wa Pangani

Dada, asubuhi wanaleta sahani imejaa nyama ya nguruwe ya kila namna, pamoja na soseji nyeusi iliyotengenezwa kwa damu. Mwambie mwenye nyumba usiku kabla hujalala: mayai, uyoga, nyanya, uji wa shayiri, mkate wao wa magadi na siagi. Hawakasiriki hata kidogo. Pwani samaki ni wengi.

Na hukohuko Mayo kuna mji mdogo unaitwa Ballyhaunis. Kuna kiwanda cha nyama ya halali pale, na msikiti uliojengwa 1987, wa kwanza Ireland kujengwa tangu msingi uwe msikiti. Si Dublin, ni katika mji wa vijijini uliozungukwa na malisho. Sio mbali na Knock, ambako Wakatoliki huenda kuhiji. Kwa hiyo siku moja unaweza kuwaridhisha wasafiri wa dini zote garini.

Bwana Shauri wa Kimara

Mkuu unaongelea kuvuka Derry kirahisi hivyo, visa je? Mimi nina visa ya Ireland, nasikia pale mpakani hakuna mtu.

Mwana wa Pangani

Hakuna mtu, ni kweli. Hakuna geti, hakuna kibanda, hakuna askari. Utajua umevuka kwa kuangalia lami: mstari wa pembeni ulikuwa wa njano, sasa ni mweupe, na kibao cha mwendo kimeanza kuhesabu maili. Lakini sikiliza vizuri. Derry na Belfast ziko chini ya Uingereza. Visa ya Ireland haikuruhusu kuingia huko, na ya Uingereza haikuruhusu kuingia Dublin. Ireland pia haimo kwenye Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, kwa hiyo yule mwenye visa ya Ufaransa naye asijidanganye. Kuna mpango unaowaruhusu Wachina na Wahindi kutumia visa moja pande zote mbili, sisi hatumo.

Kutokuwepo askari mpakani si sawa na kuruhusiwa. Polisi wa Ireland hupanda mabasi yanayotoka kaskazini na kuuliza pasi. Ukipata ajali ndogo tu upande wa pili huna visa, utaeleza nini? Sisi wawili tuna vibali vya Uingereza, tukaombea visa ya Ireland. Shemeji aliomba zote mbili akiwa Dar, ikamgharimu muda na hela.

Jambo lingine: mwambie mwenye gari la kukodi kwamba utavuka. Baadhi wanatoza ada ya ziada, na bima inaweza isikufuate kama hukusema.

Bwana Shauri wa Kimara

Duh. Basi mimi naishia Donegal.

Mwana wa Pangani

Na hutajuta, maana Donegal peke yake inatosha.

Slieve League kwanza. Watu wanapanga foleni Moher kuona majabali ya pwani yenye kimo cha mita 214. Slieve League inafika karibu mita 600 juu ya bahari, na siku tuliyokwenda tulikuwa na kondoo kuliko watalii. Ukungu ukishuka huoni hata mkono wako, subiri nusu saa, upepo utaufagia.

Kisha panda hadi Malin Head. Hapa ndipo penye kichekesho cha nchi hii: ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa haimo Ireland ya Kaskazini, imo kwenye jamhuri ambayo watu wa Belfast wanaiita kusini. Chini ya mnara kuna mawe meupe yamepangwa ardhini kuandika EIRE, jina la Ireland kwa Kiairishi, na namba 80. Yaliwekwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ili marubani wajue kwamba hii ni nchi isiyo vitani, wasidondoshe mabomu. Jua linazama saa nne usiku, na mwanga unabaki hata baada ya hapo. Tulikaa nje tukila samaki na chipsi hadi shemeji akasema haamini saa yake.

Angalizo la madereva: tangu Februari 2025 barabara ndogo za vijijini zimeshushwa kutoka 80 hadi 60 kwa saa. Tochi zipo, na faini humfuata mwenye gari, naye anakukata kwenye kadi pamoja na chake cha juu.

Kipchumba wa Bonde

Wasee, huyu jamaa anaandika poa. Nikiongeza tu: watu wa Ireland si wageni kwetu. Brother Colm O'Connell alitoka huko akaja Iten 1976 kufundisha St. Patrick's, hakuwa hata kocha, na bado yuko. David Rudisha amepita mikononi mwake. Rekodi ya mita 800 ya London 2012, 1:40.91, ina mkono wa Mwairishi. Na chai yao je, ulionja?

Mwana wa Pangani

Nilionja kila nilipokaa, huwezi kukataa. Kali kweli, na maziwa kibao. Soma pakiti madukani: Kenya, Rwanda na Assam ndizo zinazochanganywa kwenye chapa zao kubwa. Ulikuwa unakunywa ya kwenu, ndugu.

Derry sasa. Kuta za mji zilijengwa kati ya 1613 na 1618, na unaweza kuuzunguka mji mzima juu ya ukuta, kama kilomita moja na nusu. Ukiwa juu unatazama chini Bogside, mtaa wa Wakatoliki, wenye michoro mikubwa kwenye kuta za nyumba. Tarehe 30 Januari 1972 askari wa Uingereza waliwafyatulia risasi waandamanaji hapo. Walikufa 13 siku ile, mwingine akafa baadaye. Uchunguzi wa kwanza uliwasafisha askari. Ilibidi ndugu zao wasubiri hadi Juni 2010, ripoti ya uchunguzi wa pili, wa Saville, ilipotoka na waziri mkuu David Cameron akaomba radhi bungeni. Miaka 38! Hesabu mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa mtu wa umri gani.

Kwa Giant's Causeway sitawachosha. Nguzo kama 40,000 za mawe ya volkano, nyingi zina pembe sita, zimepangwa utadhani kuna fundi. Nenda alfajiri au jioni, katikati ya siku ni mabasi matupu.

Lakini pale nilipotaka kuwafikisha ni mbele ya Ballycastle. Acha barabara kubwa, fuata ile ya Torr Head, nyembamba, inapanda na kushuka mpaka tumbo linabaki juu. Kuna kibao cha Murlough Bay. Acha gari juu, teremka kwa miguu. Mbele yako kisiwa cha Rathlin, nyuma yake Scotland inaonekana wazi. Hakuna duka, hakuna tiketi.

Hapa ndipo Roger Casement alipotaka kuzikwa. Wenye asili ya Congo humu wanalijua jina. Mzaliwa wa Dublin 1864, sehemu ya ujana wake aliiishi huku Antrim kwa ndugu wa baba. Akawa balozi mdogo wa Uingereza huko Congo ya mfalme Leopold. Mwaka 1903 alipanda mto kusikiliza watu wenyewe: vijiji vilivyotozwa mpira wa porini kwa mtutu, wanawake waliofungwa kama dhamana hadi waume walete mpira, mikono iliyokatwa. Ripoti yake ilitoka 1904. Mwaka 1908 Leopold akalazimika kuiachia Congo, ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji. Baadaye alifanya kazi kama hiyo Putumayo, Peru, akapewa cheo cha Sir 1911. Miaka mitano baadaye walewale waliompa cheo walimnyonga.

Jicho la Tatu

Mkuu, taratibu. Hatuwezi kumgeuza balozi wa Mwingereza kuwa mtume. Mwingereza alikuwa anaona ya Leopold tu? Ripoti ilifaa siasa zao.

Kipchumba wa Bonde

Hapo Jicho umegonga. Oktoba 1905, mwaka mmoja tu baada ya hiyo ripoti, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani na afisa wa Kiingereza akampiga risasi. Nani aliandika ripoti ya Wanandi?

Mwana wa Pangani

Sibishi. Na nadhani yeye mwenyewe hangebisha, ndiyo maana hakufa na cheo chake. Aliyoyaona Congo yalimrudisha nyumbani kuitazama Ireland kwa macho mengine. Aliacha kazi 1913, akaenda Ujerumani vita vilipoanza kutafuta silaha za kuwapigania Waairishi. Aprili 1916 nyambizi ya Kijerumani ilimshusha ufuoni Banna, kule Kerry, akakamatwa siku hiyohiyo. Meli iliyobeba bunduki 20,000 ilizamishwa na nahodha wake. Tarehe 3 Agosti 1916 akanyongwa London.

Jicho la Tatu

Ujerumani! Hawa hawa waliochoma mashamba na maghala ya watu wetu kusini wakati wa Majimaji? Vita viliisha 1907, yeye 1914 anagonga mlango Berlin kuomba bunduki. Aliyewalilia Wakongo hakusikia ya Wangoni na Wamatumbi?

Mwana wa Pangani

Hapo sina jibu, mkuu. Nilimuuliza shemeji swali hilohilo tukiwa tunapanda kurudi garini, naye akasema adui wa adui. Halikuniridhisha.

Mtoto wa Kalemie

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa Kalemie, naishi Brussels. Nisaidie kuweka sawa mambo mawili.

Kwanza, Casement alipita upande wa magharibi, mto Congo wa juu na jimbo la Équateur. Kwetu mashariki hakufika. Wazee wetu walikuwa na taabu zao, za watumwa na pembe kabla ya Leopold, halafu askari wa Leopold wenyewe, lakini hakuna balozi aliyekuja kuziandika. Kwa hiyo nikisikia "aliwaandikia Wakongo" huwa nauliza, Wakongo wapi?

Pili, kuna Waairishi wengine ambao kwetu wanakumbukwa zaidi. Mwaka 1960 Umoja wa Mataifa ulileta wanajeshi, na Ireland ikatoa wake. Tarehe 8 Novemba, karibu na Niemba, doria ya watu kumi na moja ilikwenda kutengeneza daraja la mto Luweyeye. Wapiganaji Waluba, waliokuwa wanawindwa na askari wa Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, waliona wazungu wenye sare wakadhani ni walewale. Tisa walikufa. Kwetu hadithi inasimuliwa kwa aibu na kwa huruma pamoja, maana wale vijana hawakujua hata walikuwa katikati ya ugomvi gani.

Wamezikwa Glasnevin. Ulifika?

Dada wa Kisauni

Subhanallah. Sikuwahi kuisikia hii.

Mwana wa Pangani

Nilifika, kaka, na asante sana, maana umenitangulia kwa jambo nililotaka kulimalizia.

Kati ya Antrim na Dublin tulipita Newgrange, siachi kuisema. Kilima cha mawe kilichojengwa karibu 3200 KK, kikubwa kwa umri kuliko piramidi za Giza. Siku fupi kuliko zote za Desemba, jua la asubuhi linapenya kwenye kidirisha juu ya mlango, linatambaa ujia wa mita 19 hadi chumba cha ndani. Wanaoingia siku hiyo wanapatikana kwa bahati nasibu. Siku nyingine muongozaji anazima taa na kukuonyesha kwa balbu, na hata kwa balbu nywele zinasimama. Tiketi kata mapema mtandaoni, hawapokei wengi.

Halafu Glasnevin, upande wa kaskazini wa Dublin. Makaburi yaliyofunguliwa 1832 kwa juhudi za Daniel O'Connell, wakati Wakatoliki hawakuwa na pa kuzikana kwa ibada zao. Waliozikwa humo ni zaidi ya milioni moja na nusu, wengi kuliko wakazi wa Dublin yenyewe. Mnara wa O'Connell unauona ukiwa mbali.

Casement yuko karibu na lango. Bamba la jiwe, maandishi ya Kiairishi, basi. Waingereza walimzika ndani ya gereza la Pentonville na kukataa kumtoa kwa karibu miaka hamsini. Walipokubali 1965, walitoa sharti: mwili usipelekwe Ireland ya Kaskazini. Kwa hiyo Murlough alikokuomba hakukuwezekana. Machi Mosi mwaka huo alizikwa kwa heshima za taifa, na rais Éamon de Valera, mzee wa miaka 82 aliyekuwa mgonjwa, alitoka kitandani akasimama kwenye baridi kumhutubia, madaktari wakimkataza.

Kisha tukatafuta eneo la wanajeshi wa Congo. Umri wao ndio uliomshika mke wangu, vijana watupu. Watu walijaa mitaa ya Dublin Novemba ile ya 1960 kuwasindikiza. Shemeji alisoma majina kwa sauti. Tulikuwa na maua tuliyonunua getini kwa ajili ya Casement, tukayagawa.

Mtoto wa Kalemie

Mungu awabariki. Nitakwenda mwenyewe. Kutoka Brussels ni ndege tu, sema visa.

Jicho la Tatu

Naondoa neno "mtume", lakini la Berlin nalishikilia.

Kiti Moto Hapana

Wakuu mmenichosha akili, mimi nilikuja kuona picha. Haya, mtaalamu, gari ulirudishaje? Nasikia barabara ya kuzunguka Dublin ina mtego.

Mwana wa Pangani

M50. Haina kizuizi wala mtu wa kupokea hela, kamera zinasoma namba ya gari. Una hadi saa mbili usiku ya kesho yake kulipa, mtandaoni au kwenye maduka yanayopokea malipo hayo. Ukipitiliza inapanda. Uliza ofisi ya gari kabla hujaondoka kama wanalipa wao na kukudai, wengine wanafanya hivyo, usije ukalipa mara mbili.

Jaza mafuta kabla ya kufika uwanja wa ndege, angalia mara mbili kama ni petroli au dizeli, mpini wa dizeli huko huwa mweusi na wa petroli ni kijani. Piga picha za rimu zote nne na vioo vya pembeni mbele ya mfanyakazi wao. Zile kuta za mawe za Donegal huacha alama usizozisikia, na dhamana waliyoizuia kwenye kadi si ndogo.

Picha shemeji atazipandisha Jumapili akipata bando.